Mwandishi niliyempakia kwenye boda alivunjwa mkono njia ya Chome, tukaenda kusema mahakamani

Wakuu, poleni na majukumu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mimi ni bodaboda hapa Same mjini. Mwaka jana nilimpakia dada mmoja, mtangazaji wa redio ya huku kwetu. Nimwite Nakijwa. Alikuwa anafuatilia watu wanaokata miti msitu wa Shengena, nikampandisha Chome.

Barabara ile mnaoijua mnaijua. Mawe matupu.

Akarekodi wanakijiji vizuri. Tunateremka, wanaume watatu wakatuzibia njia. Mmoja namfahamu, ni abiria wangu kabisa.

"Leta hiyo simu."

Nakijwa akagoma. Wakamvuta chini, wakampiga marungu mpaka mkono ukavunjika. Nilipomkinga nikala rungu la kichwa, helmeti ndiyo iliyoniponya.

Jirani na njia kuna mama alikuwa anapalilia maharage. Akapiga yowe. Watu wakamiminika na majembe, jamaa wakakimbilia msituni na simu wakaondoka nayo.

Tukashuka polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu, kisha hospitali. Nikaandika maelezo, yule ninayemfahamu nikamtaja kwa jina.

Hapo ndipo simu za vitisho zilipoanza. "Una watoto wewe. Achana na mambo ya watu."

Wife akawa hali chakula kwa hofu. Kijiweni wananiambia niseme sikuona vizuri. Kusema kweli niliogopa sana.

Nikapanda kumwona yule mama.

"Shikamoo mama. Wewe utaenda kutoa ushahidi?"

"Marahaba mwanangu. Nitaenda. Yule binti alikuja kutuuliza kwa nini mto wetu unakauka. Tukimwacha peke yake, nani mwingine atakuja kutuuliza?"

Siku ya kesi nikampitia na boda.

Tukaenda wote mahakamani. Kesi ilipigwa kalenda mpaka tukachoka, lakini yule abiria wangu alifungwa. Wenzake bado hawajakamatwa. Aliyewatuma hajulikani mpaka leo, na hilo linaniuma mno.

Nakijwa amerudi hewani, ingawa mkono haunyooki sawasawa. Juzi nilimsikia anamhoji diwani kuhusu msitu uleule. Nikapaki boda pembeni nisikilize mpaka mwisho.

Nilichojifunza: mwandishi akipigwa, tusiseme "ni mambo yake na kazi yake." Alikwenda kwa ajili yetu. Na shahidi akiwa peke yake ni rahisi kumtisha, mkiwa wawili mnapeana moyo.

Wanasheria mliomo humu, aliyetuma watu anafikiwaje? Na wewe uliyewahi kutoa ushahidi huku unatishwa, ulilindwa na nani? Tiririka hapo chini, nasoma zote.