Ba, Be, Bi Juu ya Dungu

Uwele ulipoanza kuiva, watoto wa Ilongero waliachishwa shule wakalinde ndege. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na sheria zake za shule, lakini ndege hawakuzijua. Elina akakataa katakata. "Ndege nitawafukuza mimi. Theresia ataenda kusoma."

Yeye mwenyewe hakujua hata a. Basi kila jioni alimwuliza bintiye walichofundishwa, na kesho yake kutwa, juu ya dungu la miti katikati ya shamba, alirusha mawe kwa kombeo huku akipaza sauti: "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!" Theresia akirudi kutoka shule alimsikia tangu njiani, akawa anaitikia mpaka wakutane.

"Mwenzangu, umerogwa?" jirani yake Kristina alimcheka.

"Kwa ndege ni kelele tu," Elina alimjibu. "Kwa mwanangu ni somo."

Kristina akasonya. Lakini haikupita wiki, binti yake mwenyewe, aliyelinda shamba la pili, akawa anafukuza ndege kwa ba, be, bi. Kristina alisimama na jembe lake, akamsikiliza.

Kesho yake mtoto hakuonekana shambani; alikuwa amefuatana na Theresia kwenda shule. Dungu lao alilipanda Kristina. Akaita: "Elina wee! Baada ya bo wanasemaje?"