Tandiko la Mtini na Uongo wa Fundi

Mwanangu, iko siku moja nimejitahidi sana kuisahau, na yenyewe inakataa. Ni siku niliyomwambia mteja maneno mawili tu, "Nimeijaribu mwenyewe," ilhali sikuwa nimejaribu chochote, wala sikujua kitu chenyewe kinavaliwa upande gani. Nilikuwa bado kijana wakati ule, wa miaka hamsini na mbili. Usicheke. Ujinga hauulizi umri.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilitoka Lubumbashi, nikafika Johannesburg, nikaweka cherehani dirishani hapa Troyeville, na tangu hapo naona safari zimetosha. Wenzangu wanapanda basi kwenda Braamfontein. Mimi naenda spaza, kiduka cha pembeni, kununua mkate, nikirudi napumzika. Basi huyo ndiye mtu aliyeletewa kifaa cha kuning'inia mtini.

Aliyekileta ni Bwana Mutiso, Mkenya wa ofisini anayeishi Randburg, ambaye namshonea suruali miaka mingi. Alitoa kwenye begi rundo la mikanda, kamba, bizimu za chuma na kitambaa kigumu cha rangi ya majani makavu. Nikaligeuza. Suruali si suruali, kiti si kiti. Nilitafuta zipu, sikuiona.

"Fundi, hii ni tandiko ya kuwindia," akasema. "Unajifunga nayo, unajining'iniza kwa mti, unangoja mnyama apite chini, unampiga mshale."

Tandiko la punda nalijua. Hapa nilishindwa kuelewa punda ni nani.

"Na kwenu Kenya mnawinda hivi?"

"Kwetu ukiwinda unafungwa. Ndiyo najifunzia huku. Babu yangu alikuwa mtu wa mishale, mimi nashika kalamu tu. Lakini hii kitu inanifinya, Fundi. Safari iliyopita saa moja haikuisha, miguu ikafa ganzi. Nikishuka nikakanyaga hewa, karibu nianguke. Wenzangu wa kazini walinicheka mpaka Jumatatu. Niwekee sponji. Ile mikanda ya kubeba uzito usiiguse hata na sindano."

Mikanda sikuigusa. Sponji niliiweka, tena nene, katikati, pale ambapo makalio hukaa kitini. Niliwaza hivi: kukaa ni kukaa.

Alhamisi akarudi. Akabonyeza sponji kwa kidole, akaniuliza, "Umeijaribu?"

Sasa elewa ulimi wa fundi. Sisi tuna maneno yetu ya kazi. Njoo kesho. Imebaki vifungo tu. Nimemaliza, bado pasi. Hakuna mtu aliyekufa kwa kungoja vifungo, na kwa mazoea hayo hayo ulimi ukateleza: "Nimeijaribu mwenyewe. Starehe kabisa."

Uso wake ukang'aa. "Kumbe wewe ndiye nilikuwa nakutafuta! Baki nayo basi. Jumamosi asubuhi nitapita hapa nikienda shambani, unionyeshe vile unakaa."

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikuwa na urefu wa siku mbili.

Ijumaa asubuhi nikaenda uani, kwenye jakaranda letu, na lile rundo begani. Mguu wa kulia niliuingiza mahali pa mkono. Nikatoa. Nikavaa tena, bizimu zikaja mgongoni. Mara ya tatu nikafaulu, nikaufunga mkanda kiunoni kama ninavyofunga suruali, juu kabisa, maana suruali ndiyo elimu yangu. Kamba nikaizungusha mtini usawa wa kitovu, nikaibana kwa kulabu yake ya chuma, nikapanda juu ya kreti la soda, nikainua miguu.

Sijui nini kilifuata nini. Najua miguu ilikwenda juu na kichwa kikataka kwenda chini, mkanda ukanikata mbavu, nami nikaukumbatia mti kama mtu aliyeonana na ndugu yake uwanja wa ndege. Kutoka makalioni hadi chini palikuwa na urefu wa mkono mmoja. Hata hivyo nilipiga kelele.

Akatoka Mama Sifa, jirani yangu, ambaye anasuka nywele kwenye chumba cha mbele. Kitana mkononi. Nyuma yake mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Papa Deborah!" akaniita. "Eish! Unafanya nini pale?"

"Nakaa."

"Unakaa? Mbona unalia?"

Nikamweleza yote nikiwa hapo hapo, shavu kwenye gome la mti, hata ule uongo. Hakunipa pole. Alizunguka mti mara moja, akaniangalia kama anavyoangalia nywele zilizoharibiwa na msusi mwingine.

"Baba yangu kule Uvira alipanda michikichi maisha yake yote," akasema. "Kamba moja tu, mtu ndani, mti ndani. Weye umefunga kama unaenda kanisani. Shusha ule mkanda, upite chini ya makalio. Kamba ipandishe, ifike usawa wa paji la uso. Magoti yaegemee mti. Halafu achilia mikono."

"Mikono siachilii."

"Basi Mutiso akija umwonyeshe hivyo hivyo."

Aliye juu mngoje chini, lakini Mama Sifa hakuwa na nafasi ya kungoja. Alikuwa na kichwa cha mtu. Nilishuka, nikafunga kama alivyosema, nikapanda tena. Nikaachilia kidole kimoja, kingine, mpaka mikono ikabaki hewani haina kazi. Kamba ikanyooka, ikanishika. Nikalala nyuma kidogo. Kimya. Kwa mara ya kwanza nikasikia njiwa wa jakaranda lile, na nimeishi chini yake miaka tisa.

Haikuchukua dakika kumi, nyonga zikaanza kuwaka. Kikulacho ki nguoni mwako: ile sponji yangu nene ilikuwa katikati, bila kazi, na mkanda ulikuwa unabana pembeni, kwenye mifupa ya nyonga. Kumbe mtini mtu hakai, anaegemea. Nilishuka, nikafumua kazi yote, nikaigawa sponji pande mbili. Nikapanda, nikashuka, nikafumua, nikapanda. Mchana kutwa. Wapita njia walisimama ukutani wakipeana ushauri kwa Kizulu, nami sikuelewa hata nusu, nikashukuru.

Jumamosi Bwana Mutiso alinikuta nimening'inia.

"Alhamisi nilikudanganya," nikamwambia kabla ya salamu. "Sikuwa nimejaribu. Sponji ilikuwa mahali pabaya. Jana ndiyo nimejaribu."

Akaibonyeza sponji pande zote mbili, mpaka nikaanza kuzunguka polepole kwenye kamba.

"Na mimi ningepanda, nikiamini neno lako," akasema.

"Ungepanda."

"Shuka, Fundi. Nipande mimi."

Nikamfunga kama nilivyofungwa. Akaegemea pale chini chini mpaka kikombe cha chai kikapoa mkononi mwake, miguu haikufa ganzi. Akaondoka bila kunipa mkono. Jumatatu akapiga simu: alikaa mtini mpaka saa sita mchana, na hakupita mnyama yeyote isipokuwa ng'ombe wa mwenye shamba.

"Sasa unafurahia nini?" nikamuuliza.

"Sikushuka, Fundi! Sikushuka!"

Mpaka leo sielewi. Mtu anajifunga mtini, anaangalia ng'ombe, anarudi na furaha. Lakini kuelewa si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mahali atakapokaa yeye, kabla sijamwambia kuna starehe.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kitu utakachomkabidhi mwenzako akitegemee kwa uzito wake wote, kitegemee wewe kwanza, karibu na ardhi, mahali ambapo kuanguka ni kicheko tu. Usipojua, sema hujui; asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukishasema uongo, urudi kuukiri mapema, hata ukiwa unazunguka kwenye kamba. Mungu akupe mikono ya kweli na ulimi mfupi, na kila utakapoegemea pakushike.

Nilimsomea Mama Sifa maneno haya jana, nikitegemea atafuta chozi. Hakuacha hata kusuka. Akasema: "Papa Deborah, maneno mengi ya nini? Ulisema uongo, mti ukakufinya makalio, ukasema kweli. Kwisha."