Maji Aliyokuwa Akinywa Babu Maganga

Nilipokuwa mtoto kule Ugalla, babu Maganga alikuwa amekufa zamani, lakini bado alikuwa anakunywa maji. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kijumba chake cha nyasi, kifupi kuliko mimi, na ndani yake bakuli. Bibi akiwa na jambo la kumuuliza marehemu mumewe, alijaza maji na kuchora mstari wa mkaa yalipoishia. Yakipungua, babu amekubali. Yasipopungua, amekataa.

Kiangazi kimoja mama alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la babu. Wiki ya pili mtoto akaanza kuharisha na kukataa ziwa. Baba akatoa pikipiki awapeleke hospitali Mpanda. Bibi akasimama mlangoni.

"Hamwendi na mtoto ambaye mwenye jina hajamkubali. Atawafia njiani. Ngojeni babu yake anywe kwanza."

Baba alikuwa mrina asali, nyuki hawakumtisha, ila kwa mama yake hakuwa na ubavu. Akairudisha pikipiki ndani.

Nilikuwa na miaka minane na nilitaka sana kusaidia. Nilichungulia kijumbani nikaona nzi wanaelea kwenye bakuli. Babu wa watu anywe nzi! Nikawatoa, nikafunika kwa sahani ya bati. Watoto tulikatazwa kusogea pale, kwa hiyo jioni nilifunua kabla bibi hajaja kukagua, na alipoondoka nikafunika tena.

Siku ya kwanza maji yalikuwa palepale kwenye mkaa. Ya pili, palepale. Bibi alirudi ndani amenywea kabisa.

"Amemkataa," alisema.

Mama alilia bila sauti. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kumbembeleza babu. Nilipoinua sahani nikapigwa na butwaa. Chini yake kulikuwa na matone, mengi mno, safi, yananing'inia. Maji yale hayajaguswa na moto, ni baridi, na yalikuwa yamepanda yenyewe! Mwili ulinisisimka mpaka utosini. Babu alikuwa anakunywa siku zote, na mimi nimemzibia.

Nilikimbia kwa mama. "Mama, ni mimi. Nilimfunikia babu maji yake."

Hakunipiga. "Usimwambie bibi yako," alisema. "Nenda kayaache wazi."

Upepo mkavu ulivuma siku nzima. Jioni maji yalikuwa chini ya mkaa, na kabla vigelegele vya bibi havijaisha baba alikuwa ameshawasha pikipiki. Mtoto akapona.

Sekondari mwalimu alitueleza kwamba chembe za maji hazitulii hata kwenye maji ya baridi. Zinagongana, na ile iliyopata kasi kuliko wenzake, ikiwa juu kabisa, inachomoka na kwenda zake hewani. Ukifunika, inagonga kifuniko na kurudi. Wenzangu waliandika wakafunga daftari. Mimi mwili ulinisisimka vilevile kama siku ile, na hadi leo nikianua nguo zilizokauka kivulini nasimama kidogo.

Bibi alikufa bila kujua, na sikuona sababu ya kumwambia. Mdogo wangu ndiye niliyemweleza mwaka jana, gereji kwake Nsemulwa. Alicheka sana.

"Kwa hiyo dada, wewe ndiye uliyeniokoa."

"Hapana, Maganga. Siku mbili zile ulikuwa unakufa kwa sababu ya wema wangu."

Aliacha kucheka. Akafuta mikono yake yenye oili, akanisogezea kiti nikae.