Nyumba Imejengwa, Basi Amepona

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, Muuguzi Mkuu alinikabidhi daftari la wagonjwa wa akili. Kwa wanaume tuliandika kama wanalala, wanakula, au wanasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kwa wanawake palikuwa na safu moja ya ziada: "Anamudu kazi za nyumbani?" Nikauliza mbona wanaume hawaulizwi.

"Sista, wewe andika tu," akasema.

Nikaandika tu, miaka mingi, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Vijana mnaosomea kazi hii, mjue kwamba Turkana nyumba hujengwa na mwanamke. Ndiye anayekata miti, anayeikunja na kuezeka paa. Bado maji, kuni, mbuzi na watoto. Sonona, yaani huzuni inayomlemea mtu hadi akose usingizi na hata nguvu ya kusema, haimpi ruhusa ya kupumzika. Anaumwa huku anafanya kazi. Sisi wenye vyeti ndio hatukuliona.

Nilipohamishiwa Kakuma, aliletwa mama mmoja, Akiru, aliyejifungua miezi mitatu kabla. Halali, na mtoto akilia anamtazama kama wa jirani. Tukampa dawa, tukapanga awe anakuja kuzungumza nami kila wiki. Alikuja mara tatu. Mara ya nne mumewe alisimama mlangoni peke yake.

"Sista, huyu mama iko sawa sasa. Maji anachota, nyumba mpya amejenga. Kliniki ya nini tena?"

Nikaenda kwa Mganga Msimamizi, daktari mkuu wa kituo, kuomba ruhusa ya kumfuata nyumbani. Hata hakuinua macho.

"Kama amejenga nyumba, amepona. Funga faili."

Nikafunga. Jamani, nikafunga! Mkono wangu ndio ulioandika "amepona", na mwenyewe hakuulizwa neno.

Wiki chache baadaye akaletwa kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na mama mkwe wake, hasemi. Dawa zilikuwa zimeachwa tangu nilipofunga faili. Alikuwa amemlaza mtoto juani kando ya mto mkavu, akaondoka zake. Wachungaji wa mbuzi walimwokota mtoto akiwa hai. Siku Akiru alipoanza kusema tena, aliniambia, "Nilijenga nikilia, sista. Watu wote waliangalia nyumba."

Nilimgombeza mumewe, nikamgombeza Mganga Msimamizi, nikaikata ile safu kwa kalamu nyekundu. Nikapewa barua ya onyo. Daftari jipya lilipokuja, safu ilikuwa palepale. Lakini faili la Akiru sikulifunga tena hadi aliponiambia kwa kinywa chake kwamba yuko salama, na hilo lilichukua zaidi ya mwaka.

Sasa nimestaafu. Wauguzi wachanga wananiambia fomu za siku hizi zina maswali bora. Halafu nawasikia wakimuuliza mume, "Ameanza kupika?" Hasira inanipanda upya.

Juzi nilipita kwa Akiru. Mama mkwe alinipokea kwa malalamiko: paa limeachwa nusu, mtu amelala mchana kweupe! Kweli nilimkuta kivulini, amejinyoosha, binti yake akimsuka nywele.

"Ejok, sista," akanisalimu bila kuinuka. "Leo nimechoka. Nimewaambia sijengi."

Nikakaa chini kando yake, nikalia kwa furaha, na mama mkwe akaendelea kulalamika.