Shikamoo Katikati ya Chumvi

Mwongozaji alituambia kwamba Ziwa Balangida likikauka unatembea juu yake kama barabarani. Hakutuambia kuwa chini ya ganda la chumvi kuna tope. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Tulitoka Nangwa asubuhi, mimi, binti yangu wa miaka mitano na walimu wawili. Tukavuka vilima vya mchanga uliorundikwa na upepo, tukafika ufukweni. Kulikuwa kweupe na kimya. Flamingo walikuwa mbali, na kwa joto lile walionekana hawana miguu. Katikati yao alisimama mtu mrefu, amejifunga shuka jeusi.

"Yule mzee anafanya nini kule?" niliuliza.

"Hakuna mtu pale, dada. Joto linakudanganya macho," mwongozaji alicheka. "Ninyi wa Nangwa hamjazoea kutoka."

Nilipogeuka kumjibu, binti yangu alikuwa ameshakimbia. Nimemfundisha kwa ukali kwamba mkubwa hapitwi bila shikamoo, basi alikuwa anakwenda kusalimia. Nikamwita, hakusikia. Ganda likapasuka, akazama hadi kiunoni.

Nilitambaa kwa tumbo mpaka nikamshika mkono, nikamvuta. Mwongozaji alibaki ufukweni akipiga kelele, "Dada, taratibu!" Niliporudi nilimtukana mpaka walimu wakaangalia chini.

Binti yangu hakulia. Alitazama kule kweupe, ambako sasa hapakuwa na mtu, akasema, "Mama, hajaitika."

"Asiitike," nilimwambia. "Kuanzia leo humsalimii mtu kabla yangu."