Farasi Aliyekula Machicha

Farasi hadanganyi kwa mguu. Mtu anaweza kuchechemea ili asiende kulima, nimewaona wengi, na mume wangu wa kwanza alikuwa na goti la namna hiyo, linauma asubuhi na kupona saa ya kula. Farasi hana ujanja huo. Akichechemea, kuna kitu kinamuuma, na kazi yako ni kukitafuta mpaka ukipate.

Hayo nilifundishwa na baba yangu pale Gisenyi, zamani za Wabelgiji, wakati kiwanda cha bia kule Rubona kilikuwa bado kipya. Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, na viatu vya chuma aliwapigilia yeye mwenyewe. Babu yake alikuja na misafara kutoka Tabora akiswaga punda, kwa hiyo mambo ya kwato yalikuwa ya ukoo wetu. Tulikuwa Waislamu wa mjini. Banda la farasi lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, maana mwenye farasi, Mzungu mmoja wa kahawa, hakutaka harufu ya mavi karibu na baraza lake la ziwani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka ndoa ya miezi minane. Majirani walingoja nikae ndani nilie. Nilichukua uma wa nyasi nikaingia bandani. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu mji mzima, ukimtoa baba, aliyejua miguu ya farasi kunishinda. Nasema hivi kwa sababu ni kweli.

Baba alikuwa na sheria moja: anza chini. Watu wakiona farasi anachechemea wanakimbilia bega, wanasugua mafuta, wanasoma dua. Baba alisema inua ukwato kwanza. Kwetu ardhi ni makoro, yale mawe meusi yaliyotemwa na mlima wa moto, makali kama chupa iliyovunjika. Jiwe dogo tu likijibana katikati ya unyayo, farasi anatembea kama mwizi. Ukilitoa, amepona. Jiwe likichoma ndani, usaha unajikusanya, na hapo baba alikuwa anachimba kwa kisu kidogo kilichopinda mpaka maji meusi yatoke yananuka, na farasi anashusha pumzi kama mama aliyejifungua. Banda likilowa mkojo, ile nyama laini ya katikati ya unyayo inaoza. Hiyo huna haja ya kuitazama, pua inakuambia. Na Mzungu wetu akishuka mbio kilima cha Rugerero ili aonwe na watu, kesho yake mishipa ya nyuma ya mguu inavimba kama muhogo. Huyo ni maji baridi na kupumzika, na Mzungu aende kwa miguu.

Alinifundisha pia kutazama kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, farasi anainua kichwa pale anapoukanyagia. Na alinifundisha kupapasa kwa mgongo wa mkono, siyo kwa kiganja, kwa kuwa kiganja cha mtu wa kazi kimekufa, hakisikii joto.

Sasa nije kwenye kosa langu, na silifichi.

Kati ya farasi watatu wa yule Mzungu kulikuwa na jike moja la kijivu. Nililipenda kuliko nilivyompenda yule wa goti. Lakini lilikuwa jembamba, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Siku moja Mzungu alisimama mlangoni akasema, "Hii farasi yangu iko kama ngazi. Munamupa chakula ao munamupa hadisi?"

Maneno hayo yalinichoma. Kwetu mnyama aliyenona ndiyo sifa ya mtunzaji wake. Ukitaka kumtukana mtu wa ng'ombe, usiguse mama yake, taja mbavu za ng'ombe wake.

Nilikuwa na rafiki, mwanamke wa Rubona, muuza samaki, Mkristo, mdomo wake haukuwa na mlango. Yeye ndiye aliyenionyesha machicha, yale mabaki ya nafaka yanayobaki bia ikishachujwa. Watu wa Rugerero walikuwa wanayabeba kwa vikapu kupeleka kwa ng'ombe, na ng'ombe hao waling'aa kama wamepakwa samli.

"Mupe huyo bibi-arusi wako," akaniambia. "Wiki tatu tu, matako yake yatakuwa kama yangu."

"Na baba?"

"Baba yako ndiye atakula?"

Shida ilikuwa hiyo. Baba hakutaka kitu chochote cha pombe kipite kizingiti chake. Kulikuwa na kilabu cha pombe kwenye njia ya msikitini, na baba alikuwa anazunguka mitaa miwili asipite mlangoni pake. Kwa hiyo nilikuwa naficha machicha chini ya nyasi, kwenye ndoo, na kumpa jike yule baba akiwa kwenye sala ya adhuhuri. Nilianza na viganja viwili. Alipenda. Nikampa nusu ndoo. Alipenda zaidi. Mwisho nilimpa ndoo nzima mchana na nyingine alasiri, na wakati mwingine rafiki yangu aliniletea nafaka ya shayiri iliyomwagika, nzima nzima, nayo nikachanganya. Mbavu zikapotea. Shingo ikanenepa. Mzungu akamwona akasema, "Bon, sasa iko farasi." Baba akanisifu mbele ya watu, akisema binti yangu ana mkono. Nilitembea mjini siku hiyo kama mwenye mji.

Alhamisi moja jike hakutoka bandani. Nilimvuta kamba, akakataa. Alisimama vibaya, miguu ya mbele ameinyoosha mbele, uzito wote ameutupa nyuma, kama mtu aliyesimama juu ya sahani ya moto. Nikimgeuza, anatetemeka.

Baba alikuja, akaanza chini. Hapakuwa na jiwe. Aligonga kila msumari kwa nyundo ndogo. Alinusa. Alipapasa mishipa, kavu na safi. Kisha akaweka mgongo wa mkono kwenye ukwato wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tena wa kulia, na nikaona uso wake umepotea.

"Zote mbili," akasema. "Zinachoma sawasawa. Na damu inapiga hapa juu ya kifundo kama ngoma." Akanitazama. "We binti, umemupa nini?"

"Nyasi, baba."

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu."

Akaniamini. Bora angenipiga.

Mzungu alifika kesho yake. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, na Mzungu hakuwa mtu wa kungoja. Alimzunguka jike mara moja akakuta viatu vipya, maana baba alikuwa amevipigilia wiki ile ile.

"Ni musumari," akasema. "Umemuchoma musumari katika nyama."

"Bwana, musumari unachoma mguu moja. Huyu anaumwa miwili."

"Donc, basi umechoma yote miwili. Farasi ambayo haitembei ni nyama. Siku ya Mungu, kesho kutwa, nitakuja na bunduki."

Baba alikuwa na uso wa mtu mzima, ndevu nyeupe tayari, miaka ishirini anapigilia viatu na hajawahi kuchoma nyama hata mara moja. Nilingoja akatae. Alitazama zile kwato, na kwa kuwa hakuwa na sababu nyingine ya kutoa, akasema polepole, "Labda ni musumari, bwana. Labda mukono yangu imezeeka."

Hapo ulimi wangu ulijifungua wenyewe.

"Mkono wake haujazeeka," nikasema. "Ni mimi. Nimemupa machicha ya bia. Ndoo mbili kila siku, na shayiri juu yake. Msumari hauhusiki."

Mama, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, aliacha ungo. Mzungu akacheka kidogo kwa pua, akiona ni binti anamtetea baba yake. Lakini baba hakucheka. Akanisogelea.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

"Katika uwanja wangu?"

"Katika uwanja wako, baba."

Nilifunga macho nikingoja kofi. Alipita akaenda kwenye ndoo, akainusa, akarudi kwa Mzungu, na sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Bwana, punda wa babu yangu walivunja gunia la mutama njiani siku moja, wakakula lote. Kesho yake walisimama hivi, hivi kabisa. Nafaka ikizidi tumboni, moto wake unashuka katika kwato. Ng'ombe anaweza. Farasi hawezi. Nipe wiki tatu. Nikishindwa, leta bunduki, na nyundo yangu uichukue."

Mzungu alimtazama, akanitazama mimi. "Tatu," akasema. "Siku moja haizidi."

Siwezi kusema nilisamehewa siku hiyo. Baba alinifanya nisugue uwanja wote kwa majivu na maji, mama akisimama juu yangu akinionyesha nilipopasahau, na ndoo ile ilichomwa mpaka vyuma vikabaki. Hakunisemesha neno la nyumbani kwa zaidi ya wiki. Neno la farasi alinisemesha, kwa sababu farasi hawezi kungoja watu wapatane.

Aling'oa viatu, akapunguza ncha za kwato za mbele kwa tupa. Chakula kikawa nyasi kavu zilizolowekwa na kuoshwa, basi. Halafu ziwa. Kila asubuhi baada ya sala nilimwongoza jike kwenda ufukweni, hatua moja, tunapumzika, hatua nyingine. Njia ile mtu anaimaliza kabla mate hayajakauka. Sisi siku ya kwanza jua lilituchoma njiani. Nilimsimamisha majini mpaka magotini, maji ya Kivu ya asubuhi yanauma mifupa, na mimi pembeni yake nguo imelowa mpaka kiunoni. Kisha mchanga, laini, anasimama humo bila kugongwa na makoro.

Watu walipata sinema ya bure. "Farasi anatawadha," walisema vijana wa mitumbwi. "Mama, imamu wake iko wapi?"

"Nyumbani anawaombea nyinyi mupate sabuni," nikawajibu.

Rafiki yangu wa samaki alikuja siku ya tatu, ametulia kuliko kawaida. Hakuomba radhi, hakujua namna. Aliweka kikapu chini, akaingia majini na nguo zake, akashika kamba upande wa pili, na tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kabla ya soko.

Wiki ya kwanza, moto ule ule. Wiki ya pili nilipapasa kwa mgongo wa mkono nikadhani ni baridi ya maji inanidanganya. Nikangoja akauke, nikapapasa tena bandani. Vuguvugu. Sikumwambia baba. Nilimwita aje apapase mwenyewe. Aliinama, akakaa hapo muda mrefu, akasema, "Umesikia vizuri." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la nyumbani.

Mzungu alikuja siku ileile aliyoisema, bunduki begani. Hakuja mlangoni pa banda. Alisimama barabarani, penye mawe, akasema, "Mumukimbize hapa. Si katika mchanga."

Baba alinyoosha mkono kuchukua kamba, kisha akanipa mimi. Nilikimbia na jike yule juu ya makoro, miguu mitupu, kutoka kwetu mpaka kona na kurudi, na sikutazama miguu yake. Nilitazama kichwa. Kilikwenda sawa, kama mwanamke mwenye mtungi. Nilipofika mbele yao nilikuwa natokwa damu kwenye vidole na sikusikia kitu.

"Asipandwe kwa miezi mitatu," nikamwambia Mzungu kabla baba hajafungua mdomo. "Na kilima cha Rugerero usimushushe tena mbio."

Mzungu alimtazama baba. Baba akasema, "Umemusikia saisi."