Samoni Mmoja Pungufu Kwenye Ubao wa Fintan Gaughan

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umeulalia mto Owendarra, na Fintan Gaughan anafuta ubao wa darajani kwa kiganja cha mkono. Kitambaa anacho mfukoni, lakini hakitumii. Anaandika tarakimu tatu kwa chaki, anarudi nyuma hatua mbili, anazitazama.

324.

Karatasi aliyoichukua kwenye kibanda cha mashine ya kuhesabia samaki, mita chache chini ya daraja, inasema samoni 325 wamepanda kutoka baharini mwaka huu. Tangu tarehe 29 Agosti, Fintan huandika mmoja pungufu. Hapa kijijini Kilbrannagh hakuna asiyejua sababu.

Gari la mikate linapunguza mwendo darajani. Dereva anatoa kichwa dirishani.

"Fintan, leo umeua wangapi?"

"Yuleyule mmoja," anajibu bila kugeuka.

"Basi afadhali. Hujaongeza."

Gari linakwenda zake. Fintan anapangusa chaki kwenye suruali na kuinama kuutazama mto. Maji ni machache, mawe ya katikati yametoa migongo. Mvua ya maana haijanyesha kwa siku kumi na tisa, na bila mvua samoni walioko mdomoni mwa mto hawapandi.

Zimebaki siku sita. Mwisho wa Septemba hesabu inapelekwa ofisi ya uvuvi. Wakifika 340, mto utafunguliwa tena mwakani kwa wale wanaovua na kumrudisha samaki majini. Wasipofika utafungwa kabisa, na kazi ambayo Fintan ameifanya kwa miaka arobaini na mmoja itakuwa imekwisha.

Kazi yenyewe ni kuwapigia makasia wanaovua kwa kujifurahisha. Ana miaka sitini na mitatu, na anajua kila jiwe ambalo samoni hupumzikia nyuma yake. Mgeni akimnasa samaki, yeye ndiye humchota kwa wavu. Zamani alikuwa na siku mia moja na hamsini za kazi kwa mwaka. Mwaka huu, kabla hajanyang'anywa beji, yaani kibali cha kazi hii, alikuwa amepata kumi na tisa, kwa euro mia moja na ishirini kila moja.

"Mwaka wa themanini na saba, mimi na Packie tulitoa tisa kabla ya chai," anasema. "Jirani akafunga mlango alipotuona tunakuja na mwingine. Alisema watoto wameanza kunuka samoni."

Packie Lavelle ni dereva wa basi mstaafu, na wamevua pamoja tangu shule. Tunamkuta kwenye benchi la chama cha wavuvi, kofia yake imejaa ndoano za manyoya ambazo hazijalowa tangu Agosti.

"Nalipia leseni ili nikanyeshewe," anasema Packie. "Mke wangu ananiuliza, kwani bafuni kwetu hakuna maji?"

Kicheko chake hakidumu. Kila mvuvi hapa ana mshitakiwa wake. Wengine wanalaumu vizimba vya samaki wa kufugwa kule ghubani, wengine sili, wanyama wa baharini wanaowala samoni, wengine joto la bahari. Mkutano wa Julai ulibishana saa mbili nzima, mpaka katibu, Concepta Ruane, akafunga daftari.

"Kinachoniuma ni kwamba anayeambiwa akae kando ni mtu wa hapahapa," anasema Concepta, ambaye ni nesi. "Mtu anatoka zamu, anataka saa moja ya kusimama majini. Hachukui samaki hata mmoja. Ndiye anayeuangalia mto huu kila siku. Ukimfukuza, nani atajua siku mto utakapokufa?"

Kisha anamtazama Fintan.

Ilikuwa alasiri ya tarehe 29 Agosti. Packie alikuwa amemaliza misimu mitatu bila samoni, na Fintan alikuwa amempakia bure. Karibu na mwamba wanaouita Kiti cha Mjane, mshipi ulikazika.

"Dakika ishirini na tano," Packie anakumbuka. "Nilikuwa nalia, na ninakwambia bila aibu. Nikamwambia, Fintan, ukimkosa huyu nitakuzika hapahapa."

Fintan hakumkosa. Alimchota, samoni jike wa ratili kumi na moja, akamlaza kwenye mbao za mashua. Na hapo mkono wake ukafanya ulichokuwa umefanya kwa zaidi ya miaka thelathini, kabla sheria ya kurudisha haijaja. Ulikwenda chini ya kiti, ukashika rungu dogo la mti mgumu ambalo wavuvi wa huku huliita kasisi, kwa kuwa, kama kasisi kwa mtu anayekufa, ndilo linalomfikia samaki mwisho. Lilikuwa la baba yake.

Pigo moja tu, nyuma ya macho.

"Nilisikia mlio ndipo nikajua," anasema Fintan. "Nilimtia majini haraka. Nikamshika mkia, nikamwelekeza mkondo uingie mdomoni, kama tunavyofanya kuwapa nguvu. Nikamshika hivyo. Sijui muda gani."

"Robo saa," anasema Packie.

"Robo saa. Packie hakusema neno."

"Nilisema tumtupe kwenye matete. Hakuna aliyeona."

"Nami nikakwambia mimi nimeona."

Fintan mwenyewe alimpigia simu mkaguzi wa uvuvi, akamngojea ukingoni, samaki amefunikwa kwa koti lake. Mkaguzi alimpasua. Samaki alikuwa na mayai yanayokadiriwa elfu sita. Fintan alipokonywa beji hadi mwisho wa mwaka, na barua ikaja kukionya chama kizima. Tangu hapo anaandika ubao kila asubuhi kwa hiari yake, bila malipo.

Concepta amejaribu kumweleza. Mashine huhesabu waliopita, na yule alikwishapita.

"Namwambia, Fintan, usitupunguzie. Tunahitaji kila mkia."

"Ofisini peleka ya mashine," anamjibu. "Lakini hapa darajani watu wanasoma walio hai."

Nyumbani, mkewe Attracta anaweka viazi na siagi mezani. Ijumaa za zamani pale palikuwa na samoni. Ilikuwa desturi pia kwamba samoni wa kwanza wa msimu haliwi na aliyemvua. Hupelekwa kwenye nyumba yenye msiba wa karibuni. Mwaka aliofiwa na mama yake, Attracta aliletewa, akiwa bado hajavua nguo za kanisani.

"Miaka hii minne ya kumrudisha samaki majini, watu wanazikwa tu," anasema. "Tunawapelekea keki."

Anafungua droo ya vijiko na kulitoa rungu.

"Alitaka kulitupa mtoni. Nikamwambia, mume wangu, mto una shida za kutosha. Sasa napondea viazi."

Fintan anatabasamu kidogo, lakini halitazami.

Baada ya chakula anatoka hadi bandani, ilipo mashua yake, imegeuzwa juu chini. Anapitisha ukucha kati ya mbao mbili. Unaingia. Mashua ya mbao ikikaa nje ya maji inakauka na viungo vyake vinaachana. Kila Februari, wiki moja kabla ya msimu, huizamisha kwenye maji ya kina kifupi na kuijaza mawe, mbao zinywe, zivimbe, zishikane tena.

"Mwakani nitaizamisha vilevile," anasema.

Na mto ukifungwa? tunamuuliza.

Juu ya bati, tone moja linadondoka, kisha jingine. Fintan anainua uso lakini hasogei mlangoni. Mvua ya kulowesha vumbi haiwapandishi samoni, na ameshadanganywa nayo mara mbili mwezi huu.

"Hata ukifungwa," anasema. "Samoni wakirudi baada ya miaka kumi, mimi labda sitakuwepo. Lakini wasikute mashua inavuja."

Anachukua chaki kutoka mfuko wa koti, anaiweka juu ya rafu, mahali pakavu, kwa ajili ya kesho.